Makala Iliyoruka Foleni

Sogeeni, sogeeni karibu. Wewe uliyekaa mlangoni, ingia au toka, usitupitishie upepo. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, na hiyo redio mtu aizime. Nataka kimya, kimya cha kweli, maana hadithi hii ina sauti nyingi na mdomo wa kuzisema ni mmoja.

Palikuwa na benchi la mbao kwenye kona ya mtaa, limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi saa. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, umewekewa kipande cha kigae, na mtu mnene akikaa upande ule, wa upande wa pili ananyanyuka kidogo na kahawa yake mkononi. Kibanda chenyewe kilikuwa na upana wa mlango na nusu: meza, taa ya shingo ndefu, na saa za ukutani kumi na moja ambazo hazikuwahi kukubaliana hata siku moja. Mwenye kibanda, Fundi Saa, alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Benchi halikufariki. Kila alasiri walikuja walewale: Stempu, aliyechambua barua posta miaka thelathini hadi akastaafu, Sindano, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, na Mama Birika, aliyeuza kahawa na kukaa hapohapo aliposimamisha birika lake, maana alisema miguu yake imeshatembea vya kutosha. Na ndani ya kibanda, kwenye kiti cha baba yake, siku hiyo alikaa binti wa marehemu na kompyuta mapajani. Walimwita Fundi Mdogo, ingawa saa hakuzijua. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za mtandao.

Na Fundi Mdogo siku hiyo alikuwa na moyo mzito kuliko kompyuta.

Kisa ni hiki. Baba yake, miaka sita ya mwisho, alikuwa akiandika kwenye blogu aliyotengenezewa na binti huyuhuyu. Akimaliza saa ya mteja, anafuta mikono, anaandika. Makala mia mbili na kumi na nne. Alizibandika lebo, neno au maneno machache ya kusema hii ni habari ya nini. Na kabla hajafa aliacha kadi ya kufungia betri, nyuma yake kaandika lebo zote kwa kalamu, moja chini ya nyingine, na juu kabisa: *Zisomwe kwa mpango huu.* Mjane wake hakujua kusoma. Alikuwa amemwambia binti: kesho wanangu wote wakija, unisomee zote, kwa mpango wa baba yako, mwanzo hadi mwisho. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Na mimi ni wa ngapi humo?"

Binti akajibu, "Utasikia mwenyewe, mama."

Alishaipitia ile kadi mara ishirini. Saa za ukutani zilikuwamo. Saa za mkono. Saa zilizonishinda. Kijiwe. Watoto. Mvua. Mguu wangu. Hata paka wa duka la vioo alikuwamo, na makala zake saba. Mama hakuwamo.

— Mbona umenuna hivyo, binti? aliuliza Mama Birika akimmiminia kahawa. Kompyuta imekuuma?

— Hainisikii, Mama Birika. Naiambia hivi, inafanya vile.

— Basi ni ya kiume, alisema.

— Isomeshe adabu, Sindano akadakia. Mimi cherehani yangu ikigoma naipiga kofi moja hapa shingoni.

— Ndiyo maana suruali zako mguu mmoja unatangulia, alisema Stempu.

Walicheka, na Fundi Mdogo naye akacheka kidogo, akageuza kioo cha kompyuta wakakiona.

— Tazameni. Nimeandika maagizo. Nimeiambia: chukua lebo ya kila makala, nenda kaitafute kwenye orodha ya baba, uniambie ni ya ngapi. Halafu panga. Saa za ukutani kwanza, saa za mkono zifuate, hivyohivyo mpaka mwisho. Na zenye lebo moja, ya zamani itangulie mpya.

— Ndivyo tulivyofanya posta, Stempu akasema, akakaa wima. Hicho ni kuchambua. Mji, mtaa, sanduku. Unamwambia kwa lugha gani?

— Inaitwa PHP.

— Lugha ya watu wa wapi hiyo?

— Ya kompyuta, mzee.

— Mtoto anaongea na mashine na sisi tunaona kawaida, alisema Mama Birika. Enzi zetu ungepelekwa kwa wazee.

— Sasa tatizo ni nini? aliuliza Sindano.

— Tatizo ni hili hapa juu. Imepanga zote sawasawa, mia mbili na kumi na tatu. Lakini kuna moja imeruka foleni, imekwenda kukaa mbele ya wote. Inaitwa "Jaribio". Haina lebo.

Wote watatu wakainama, vichwa vikagongana. Kweli, ilikuwa pale juu kabisa, neno moja na tarehe ya miaka sita nyuma, na mahali pa lebo peupe.

— Haina lebo halafu ndiyo ya kwanza? Stempu aliuliza kama mtu aliyetukanwa. Kwa utaratibu upi?

Fundi Mdogo akavuta pumzi. — Hivi. Kompyuta inapohesabu orodha, ya kwanza haiiti moja. Inaiita sifuri.

— Kwa nini?

— Ndivyo inavyohesabu. Sasa hii nayo, inakwenda kutafuta lebo yake kwenye orodha, inakosa. Ikikosa inanirudishia jibu moja tu: hapana. Na nikiilazimisha kulinganisha hapana na namba, hiyo hapana inaiona ndogo, inaiweka sawa na sifuri. Na sifuri ndiyo mbele. Na kwa kuwa hii ni ya zamani kuliko zote, basi inakuwa mbele ya mbele.

Mama Birika akanywa kahawa yake mwenyewe.

— Yaani, alisema polepole, aliyetafutwa asionekane ndiye anayepewa kiti cha mbele.

— Ndiyo. Ni kosa langu, si la kompyuta. Ilitakiwa niiambie: ukimkosa, mpeleke mwisho. Ni mstari mmoja tu, naurekebisha sasa hivi.

— Urekebishe! Stempu akapiga goti lake. Posta tulikuwa na sanduku la chini kabisa, karibu na sakafu, la barua zisizo na anwani. Halikai juu! Ukiliweka juu, kesho kila mtu anatuma barua bila anwani.

— Ngoja kwanza, alisema Sindano. Wahenga walisema...

— Wahenga waache wapumzike, sema wewe, Mama Birika akamkata.

— Haya, nasema mimi. Nikimkatia mteja suti, kinabaki kipande. Hakina jina. Siyo mkono, siyo kola, siyo mfuko. Lakini ni cha kitambaa kilekile kizuri. Hicho huwa sikitupi.

— Tunajua hukitupi, alisema Stempu. Mjukuu wako amevaa suti za mtaa mzima.

— Nasema hivi: marehemu hakuwa mtu wa kusahau. Makala mia mbili na kumi na tatu kabandika, moja aisahau? Kaiacha makusudi!

Hapo Fundi Mdogo akasema jambo ambalo baadaye alitamani angelimeza.

— Kuna kitu. Blogu hii nilimtengenezea mwenyewe, inaweka kumbukumbu kila makala inapofunguliwa kuhaririwa. Lebo alianza kubandika mwaka wa pili, akarudi nyuma akazibandika zote za zamani kwa siku mbili. Lakini hii ya "Jaribio" aliifungua mara tisa. Mara tisa, miaka sita. Na hakubadilisha hata herufi. Ya mwisho ni wiki aliyolazwa.

Mungu wangu! Ni kama umemwaga mafuta motoni. Benchi liliyumba mpaka kigae kikachomoka.

— Mara tisa! Hicho ni kiwanja, alisema Stempu. Nakwambia mimi, mtu hafungui barua mara tisa kama haina ramani. Jaribio ni jina la kuficha. Ndani mna mipaka ya kiwanja.

— Kiwanja gani, mtu aliyekuwa akigombania kivuli cha ukuta huu na paka? aliuliza Sindano.

— Basi ni dawa ya saa. Zile saa zilizomshinda. Alipata siri ya kuzifufua.

— Mimi nasema yumo humo mwenyewe, Mama Birika akasema, sauti chini. Mnacheka? Mashine imeambiwa ipange, imepanga, moja tu imegoma. Nani ameivuta juu? Tazameni saa ile ya kijani, imesimama tangu asubuhi.

— Saa ile imesimama tangu mwaka juzi!

— Ndiyo, lakini leo imesimama vibaya.

— Nyinyi wote watoto, alisema Sindano, akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti hadi ya msibani. Mwanamume akiwa na maandishi anayafungua mara tisa, hayapi jina, hamwonyeshi mtu, hilo ni jambo moja tu. Kuna mwanamke mwingine mahali, mwenzake Shemeji.

Mama Birika alimpiga na kitambaa cha kushikia birika, paa, begani. — Mtoto wa watu amekaa hapa!

— Nimesema mahali! Sikusema wapi!

Lakini neno likishatoka limetoka. Wazo lilelile Fundi Mdogo mwenyewe alikuwa nalo tangu wiki iliyopita, amelifungia chumbani, na Sindano amelifungulia mlango.

— Mama hayumo, alisema.

— Hayumo wapi?

— Kwenye kadi. Kwenye lebo. Nyinyi mmo, makala thelathini na mbili, Kijiwe. Paka ana saba. Mguu wake wa kushoto una kumi na tisa. Mama hana hata moja. Na kesho ananiambia nimsomee zote, na ameniuliza yeye ni wa ngapi.

Sindano akakiinamia kile kigae, akakirudisha chini ya mguu wa benchi polepole sana, kama mtu anayetafuta sababu ya kutoinua uso.

— Wanaume wa rika letu, alianza Stempu, hatukuwa tukiandika habari za... Yaani mke ni mke. Yupo nyumbani. Mtu haandiki habari za mlango.

— Mlango! alisema Mama Birika. Na wewe mkeo akusikie.

— Natafuta la kumsaidia mtoto!

— La kumsaidia ni hili. Binti, paka wa nini makala saba? Chukua mbili, bandika *mke wangu*. Hajui kusoma, na paka hatashitaki.

— Atajua, Mama Birika. Nitafika pale "aliruka dirishani na kipande cha samaki", atajua.

— Basi andika wewe moja, alisema Sindano, bado ameinama. Sauti ya baba yako unaijua. Mistari kumi tu. Isiwe uongo mkubwa. Mimi nakuchangia maneno, nilimjua tangu hajaoa.

Nisiwadanganye, wajukuu zangu, alijaribiwa. Aliandika kwenye orodha, juu kabisa, neno *Mke wangu*. Akaiambia kompyuta ipange upya. Ikapanga. Pakatokea kichwa kizuri chenye herufi nene, na chini yake hapana kitu. Halafu "Saa za ukutani". Akakitazama kile kichwa kitupu, akaona ni bora paka. Akalifuta lile neno.

— Shikamoo zenu, sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa mjane mwenyewe, na ufunguo mkononi. Tangu mumewe afe alikuja kila alasiri kuzitia ufunguo saa zile kumi na moja, moja baada ya nyingine, hata ile ya kijani isiyotembea. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Stempu alijisogeza, Sindano akanyanyuka pasipo kutaka, Mama Birika akapangusa nafasi ya mtu kukaa.

— Marahaba, Shemeji, karibu, karibu, alisema Sindano.

— Mimi ndiye nimewaamkia kwa wingi wenu, wewe peke yako ndiye umejipa marahaba, alisema mjane, na akakaa. Mnabishania nini? Sauti zenu nimezisikia tangu kwenye duka la vioo.

— Utaratibu tu, Shemeji, alisema Stempu. Kuna makala moja ya marehemu imekosa lebo. Mimi nasema ikae mwisho.

— Mimi nasema ibaki mbele, alisema Sindano.

— Mimi sikusema kitu, alisema Mama Birika.

— Mmebishana muda gani?

— Tangu saa tisa.

— Saa ya ukutani ipi?

— Shemeji, tangu birika limejaa.

Mjane akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia binti yake. — Na hiyo makala imeandikwa nini?

Stempu alimtazama Sindano. Sindano alimtazama Mama Birika. Mama Birika alilikamata birika lake, akaliinamisha juu ya kikombe cha mgeni, likatoa tone moja, tone la pili, basi. Kahawa ilikuwa imekwisha, na kati yao wote hakuna aliyejua makala ile inasema nini.

— Binti?

— Sijui, mama, alisema Fundi Mdogo, na machozi yakamjaa ghafla. Sijasoma hata moja. Siwezi. Nikiona maneno yake nasikia sauti yake. Nimekuwa nikizihamisha tu, kama masanduku. Nikaona imeandikwa "Jaribio", nikajua ni jaribio.

— Mnagombania kiti cha mtu ambaye hamjamuuliza hata jina, alisema mjane. Isome.

— Sasa hivi? Hapa?

— Hawa si wamo, makala thelathini na ngapi? Wakae.

Basi hesabu ile alikuwa ameisikia tangu kule barabarani, na pengine na mengine yote. Fundi Mdogo hakuthubutu kuuliza. Alibonyeza. Akasoma, kwanza kwa sauti ya kukwama, halafu sauti ikamtoka:

*"Binti yangu amenitengenezea huu ukurasa, anasema niandike chochote nione kama unakubali. Sijui niandike nini. Mke wangu amekaa hapa pembeni, ananishonea kifungo cha shati. Ameniuliza, unaandika nini hapo? Nimemwambia, habari za betri. Siyo kweli. Naandika kwamba amekaa hapa. Sasa hivi ameuma uzi kwa meno na mkasi upo mbele yake. Miaka thelathini na nne namwambia mkasi huo hapo. Siku nikimwona amechukua mkasi nadhani nitaogopa.*

*"Humu chini pananiuliza lebo, yaani hii ni habari ya nini. Nimefikiri mpaka chai imepoa. Siyo ya saa. Siyo ya nyumba. Nimeandika neno moja nikafuta, nimeandika jingine nikafuta, yote yanabana. Nitarudi kuibandika."*

Basi. Hapo ilikuwa imekwisha.

Pikipiki ilipita barabarani ikaenda zake. Stempu alikuwa amevua kofia, hakumbuki amevua saa ngapi. Mara tisa, walikuwa wakiwaza wote.

Mjane alikaa na ufunguo wake mapajani. Halafu akasema:

— Mwongo mkubwa. Mimi nikaenda kuwaambia majirani kwamba mume wangu anaandika habari za betri.

Mama Birika ndiye aliyeanza kucheka, na kilio ndani yake, na mjane akafuata, na benchi lote likayumba, na Sindano akalia waziwazi bila hata kugeukia ukutani.

— Huo uzi, alisema Sindano akijipangusa, Shemeji, uzi ule ulinunua kwangu. Ni mgumu. Kwa meno!

— Mkasi ule haukati, alisema mjane. Miaka yote hiyo naye hakuwahi kuujaribu.

Fundi Mdogo aliitazama kompyuta. — Mama, kule juu imekaa kwa kosa. Nikisahihisha maagizo, itashuka hadi mwisho, baada ya paka.

— Pale juu inamsumbua nani?

— Haimsumbui mtu. Lakini siyo sahihi.

Wote wakamgeukia Stempu, maana utaratibu ulikuwa wake. Mzee alikigeuza kikombe kitupu mkononi.

— Posta, alisema, lile sanduku la chini... Nilikuwa nikilifungua siku za mwisho wa mwezi, peke yangu. Sikuwahi kumwambia mtu. Barua nzuri kuliko zote zilikuwa humo. Iache, mwanangu.

Mjane alinyanyuka akaanza na saa ya kwanza, krr, krr, krr, mpaka ya kumi na moja.

Na kama ni urithi ndio mnaosubiri, nawaona macho yenu, haya. Lenzi ya marehemu, ile ya kubana jichoni akitengeneza saa, ilikwenda kwa Sindano, anatungia uzi, na suruali zake siku hizi miguu inalingana. Stempu alipewa ile kadi ya lebo, ameiweka kwenye fremu, akiona vumbi anafuta. Paka wa duka la vioo alihamia kwa Mama Birika, makala zake saba na yeye mwenyewe. Benchi hakulirithi mtu, liko palepale, na kigae chake. Saa kumi na moja na ufunguo wake zilibaki kwa mjane, na siku ya pili mbele ya wanawe wote alijua yeye ni wa ngapi, akawaambia wote kwa sauti, kwa hesabu ya kompyuta aliyofundishwa na binti: sifuri. Fundi Mdogo alirithi kiti, na lile kosa. Hajalisahihisha mpaka leo. Ila juu ya ule mstari wa maagizo, mahali ambapo kompyuta haisomi na anayesoma ni fundi mwenzake tu, aliandika maneno machache, ili atakayekuja baada yake asijione mjanja:

*Najua ni kosa. Usiliguse. Hapa amekaa mama.*